Imani na neno "hapana": alama za Ukristu katika historia yetu



Katika mkutano mmoja wa utamaduni hapa Shasha, wazee walikuwa wanaeleza namna mila zetu zilivyopunguka. Mmoja akasema ni wamisionere walioziua. Mwingine akajibu kwamba bila wamisionere, wengi wetu tusingejua hata kuandika majina yetu. Ndipo kijana mmoja, mwanafunzi, akaomba neno. Akasema: "Baba zangu, mmeeleza imani ilitukuta namna gani. Lakini hamjasema ilifanya nini. Je, ilibadilisha historia, ao ilibadilisha majina tu, tukawa Jean na Marie?"

Siku ile hakuna aliyemjibu vizuri. Mvua ilianza, tukatawanyika. Lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani, na kurasa hizi ni jibu langu. Sitahesabu makanisa wala waliobatizwa. Nataka tutazame watu wachache na matukio machache, toka misitu ya Walikale mpaka barabara za Bukavu na Goma, ili tuone ni wakati gani imani ilisukuma historia, na ni wakati gani ilinyamaza.

1. Udongo ulikuwa umelimwa

Tusidanganyane: wazee wetu hawakuwa watu bila Mungu. Banyanga walimjua Ongo, wakamjua pia Nyamurairi, mwenye moto, ambaye makao yake yalikuwa katika volkano zile tunazoziona usiku zikiwaka. Mambo haya yamo katika hadithi ya Mwindo, ambayo mzee Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu mwaka 1969.

Katika hadithi ile, mwami Shemwindo anatoa amri kwamba wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa, na baba yake anataka kumuua. Mtoto anashinda. Lakini hadithi haimalizikii pale. Mwindo naye, akiisha kuwa na nguvu, anajivuna. Anaua joka, rafiki ya Nkuba, mwenye radi. Basi Nkuba anamchukua juu mbinguni, anateswa na mvua, baridi na jua kali, mpaka anajifunza. Anaporudi kijijini, anawapa watu wake sheria za kuishi vizuri.

Maana yake nini? Ni kusema kwamba mbele ya Biblia kufika, wazee walikuwa wanafundisha watoto kwamba nguvu ina mwisho wake. Hata mwami anahukumiwa. Hata shujaa anapigwa na baridi. Neno la Injili lilipokuja kusema kwamba wakubwa watashushwa na wanyonge watainuliwa, lilikuta udongo uliokwisha kulimwa. Tukisahau jambo hili, hatutaelewa yaliyotokea nyuma yake.

2. Msalaba ulikuja pamoja na Leta

Lakini imani haikuja kwetu peke yake. Mwaka 1906, Roma na Dola la Leopold II walipatana kwa maandishi: misheni za kikatoliki zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Kwa hiyo, machoni pa watu, padri, mtu wa Leta na mtu wa kompani walikuwa sawa vile mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, lakini chungu kilikuwa kimoja.

Mapadri Weupe walikuja toka Tanganyika na Rwanda, wakasambaa pande za ziwa Kivu. Waprotestanti nao walifika: Wapentekoste wa Uswidi waliingia Uvira mwaka 1921, na kazi yao ikapanda baadaye mpaka kwetu milimani. Hawa wote walifanya jambo moja ambalo labda wenyewe hawakulipima vizuri: walimfundisha mtu mweusi kusoma. Kiswahili kilichokuwa lugha ya njia na soko kikawa lugha ya sala na ya kitabu. Katekista, mtoto wa kijiji, alisimama mbele ya watu na kusoma maneno ambayo hata msimamizi wa teritware hakuweza kuyafuta.

Na mtu akiisha kujua kusoma, hasomi tu ukurasa ule uliomchagulia. Anafunua na kurasa zingine. Anakuta Musa mbele ya Farao.

3. Mwaka 1944: Biblia msituni

Wengi wetu tunaishi pahali hapa bila kujua kwamba jina la Masisi limo katika vitabu vya historia juu ya vita moja ya imani. Wanahistoria wanaiita uasi wa Masisi-Lubutu, toka mwezi wa kwanza hadi wa tano mwaka 1944.

Ili tuielewe, tuanze mbali kidogo. Huko Marekani, kundi la wasomaji wa Biblia lilikuwa linatoa gazeti lenye jina la mnara wa mlinzi. Maneno ya kundi lile yalifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ambako Elliot Kamwana alibatiza maelfu ya watu mwaka 1908. Yakapita Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, yakaingia Katanga kupitia wafanyakazi wa migodi. Jina la Kizungu la ule mnara likageuka katika vinywa vya watu, likawa Kitawala. Wenye masikio walisikia humo neno lingine kabisa: kutawala. Mafundisho yalikuwa rahisi: Mungu hana ubaguzi wa rangi, ufalme wake unakuja upesi, na siku ile hakutakuwa tena kodi, wala fimbo, wala bwana na boyi.

Leta iliogopa. Ilikamata wahubiri na kuwapeleka mbali na kwao, katika majimbo mengine, ikidhani moto utazimika. Kumbe ilikuwa inasambaza makaa! Kila aliyefukuzwa alikuwa ni mhubiri aliyepelekwa pahali papya bila kulipa nauli. Ndivyo neno lilivyofika kwa Bakumu, katika misitu inayounganisha Lubutu na eneo ambalo leo ni Walikale.

Na lilifika wakati gani? Wakati wa vita kuu ya pili. Wajapani walikuwa wamechukua nchi za Asia zilizokuwa zinatoa mpira, basi Wazungu wakarudia mpira wa porini wa Kongo, ule ule ambao wazee walikuwa wanaukumbuka kwa machozi tangu wakati wa Leopold. Mwaka 1942, siku za kazi ya lazima ziliongezwa toka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Tena kulikuwa migodi ya dhahabu na kasiteriti, barabara za kukatwa kwa mkono, kodi, na fimbo kwa anayechelewa. Mwanaume aliondoka kwake, shamba likabaki kwa mke, na njaa ikaingia nyumba.

Pale ndipo akainuka Bushiri Lungundu. Wafuasi wake walimwona kama mjumbe aliyetumwa kwa jina la Yesu kuwatoa utumwani. Watu walibatizwa majini, wakakataa kazi, wakainuka juu ya wakubwa wa Leta na wa kompani. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na imani kwamba Mungu yuko upande wao, na kwamba saa imefika. Jeshi la Leta, Force Publique, lilitumwa, na uasi ukazimwa kwa damu nyingi. Bushiri alikamatwa. Leta ilijenga kambi za kufungia "watu hatari" mbali na kwao, kama Kasaji huko Katanga na Ekafera huko Équateur, na Wakitawala wengi walimalizia huko miaka yao. Lakini haukuwa mwisho wa habari: jamaa za Wakitawala ziliendelea kuishi katika misitu ya Walikale hata baada ya uhuru.

Mkristu wa kanisa la leo anaweza kusema: "Wale hawakuwa wakristu wa kweli." Mimi si hakimu wa jambo lile. Naweza pia kusema wazi kwamba njia ya nguvu ilileta msiba kwa vijiji vyao wenyewe. Lakini mwanahistoria hawezi kukana hili: kitabu kile kile ambacho misheni ilikileta ili watu watii, msituni kilisomwa kama barua ya kuachiliwa. Imani ilikuwa imetoka mikononi mwa walioileta.

4. Makanisa yalijaa, damu ikamwagika

Sasa nafika pahali pazito. Kama ningeandika tu juu ya watu waliosimama, ningekuwa ninaandika nusu ya historia, na nusu ya historia ni uongo.

Miaka ya 1990, Masisi na Walikale zilikuwa zimejaa parokia, makanisa ya CEPAC, ya CBCA, ya Waadventiste na mengine. Jumapili hapakuwa nafasi ya kukaa. Na hata hivyo, mwezi wa tatu mwaka 1993, mauaji yalianzia Ntoto, katika teritware ya Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Upande mmoja Bahunde, Banyanga na Batembo. Upande mwingine Banyarwanda, Bahutu na Batutsi. Kwanza hawa waliuawa, kisha wale wakauawa katika kulipiza. Maelfu walikufa, na watu wengi zaidi walihama. Kulikuwa sababu za ardhi, za utawala wa kimila, za uraia, na za wanasiasa wa Kinshasa na Goma waliochochea. Lakini aliyeshika panga alikuwa amebatizwa, na aliyekatwa alikuwa amebatizwa. Wengine walikuwa wamekomunika pamoja.

Tukumbuke pia Mokoto. Watawa Watrapisti waliotoka Scourmont, Ubelgiji, walikuwa wamejenga pale monasteri mwaka 1954. Mwaka 1996, wakimbizi wa vita, wengi wao Batutsi, walikimbilia kwa watawa wale wakidhani nyumba ya Mungu itawafunika. Mwezi wa tano watu wenye silaha waliingia, na wengi wakauawa pale pale. Watawa nao walibidi kuondoka. Mlango wao ulikuwa umefunguliwa kwa wanyonge, na hilo ni la kukumbuka. Lakini mlango ulio wazi peke yake haukutosha, kwa sababu huko nje waliokataa kuua walikuwa wachache, na sauti yao haikusikika.

Basi, kijana aliyeuliza swali ana haki ya kutuambia: imani yenu ilikuwa wapi? Mimi naona ilikuwa katika nyimbo na katika nguo za Jumapili. Haikuwa imefika katika mkono. Kujaa kwa kanisa hakusukumi historia.

5. Maaskofu wawili

Wakati ule ule, imani ilionekana pahali pengine, kwa watu wachache. Namtaja kwanza askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa. Parokia zetu ni za dayosizi ya Goma, nayo iko katika jimbo kuu la Bukavu, kwa hiyo sauti yake ilikuwa inafika mpaka kwetu.

Alizaliwa mwaka 1926 katika Bushi, akawa Mjezuiti. Mwaka 1971, Mobutu alipoingiza wanafunzi wa Lovanium katika jeshi kwa nguvu, padri huyu aliomba naye aingizwe pamoja na vijana aliokuwa anawalea. Alikuwa mtu wa namna hiyo: hakujua kutuma wengine pahali ambapo yeye mwenyewe hakwendi. Akiwa askofu mkuu tangu mwaka 1994, aliwatetea wakimbizi Wanyarwanda, akawatetea Wakongomani, akaonya kwamba vita vinakuja. Mwezi wa kumi mwaka 1996 vita vilifika Bukavu. Wakubwa wa serikali walikimbia. Yeye alibaki na watu. Jioni ya tarehe 29 alisimamishwa na askari pale Nyawera, akauawa.

Aliyekuja nyuma yake ni Emmanuel Kataliko. Huyu hakuwa Mushi, alikuwa Munande wa Lubero. Alikuwa askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966, akashughulika huko na barabara na shule, mpaka chuo kikuu cha Graben. Alipofika Bukavu mwaka 1997, wengine walinung'unika: "Kwa nini si wa kwetu?" Lakini siku ya Noeli mwaka 1999, wakati RCD ilikuwa inatawala, aliandika barua kwa wakristu. Alisema wazi kwamba wageni, pamoja na Wakongomani wenzetu, wanaiba mali ya nchi na kuwakanyaga watu. Hakusahau hata dhambi za watu wa kanisa. Mwezi wa pili mwaka 2000, RCD ilimzuia kurudi Bukavu, ikamfungia Butembo.

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Watu wa Bukavu, ambao jana walikuwa wanahesabu kabila lake, walisimamisha kazi za kanisa na masomo kwa muda juu yake. Sauti zikatoka nchi za mbali. Baada ya miezi saba, tarehe 14 mwezi wa tisa, alirudi, na umati mkubwa ukampokea. Hata wiki tatu hazikutimia: alikufa Roma tarehe 4 mwezi wa kumi, moyo ukasimama. Lakini jambo lilikuwa limekwisha kuonekana: mji mzima ulimlilia mtu ambaye si wa kabila lao, kama baba yao. Kwetu hapa Kivu, ambako kabila linatangulia kila kitu, hilo si jambo dogo katika historia.

6. Kijana wa Goma

Labda msomaji atasema: hao ni maaskofu, kazi yao ni kusema. Basi, tumtazame mtu wa kawaida.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria katika chuo kikuu cha Goma. Alikuwa katika jumuiya ya Sant'Egidio, na alikuwa anasaidia watoto wa barabarani wapate masomo na chakula. Mwaka 2007 alipata kazi mpakani, katika Office Congolais de Contrôle, ile ofisi ya kupima kama bidhaa ni nzuri ao mbaya. Sisi tunajua kazi ya mpakani inatamaniwa juu ya nini. Si juu ya mshahara.

Siku moja chakula kilichoharibika kililetwa ili kipite kiuzwe katika soko. Aliletewa pesa afumbe macho. Alikataa. Wakaongeza. Akakataa. Watu wakubwa wakamsukuma. Aliuliza watu wanaojua mambo ya afya: chakula hiki kitafanya nini katika mwili wa mtu? Akisha kujibiwa, alitoa amri kiharibiwe. Hakuwa na bunduki, wala cheo kikubwa, wala redio nyuma yake. Tarehe 7 mwezi wa saba alitekwa. Aliteswa na kuuawa, akiwa na miaka 26.

Watu wengi walisema ni upumbavu: "Angekula matabishi, angekuwa mzima." Maneno hayo yalisemwa katika Goma, na hata sasa yanasemwa. Lakini Papa Fransisko alipoongea na vijana Kinshasa mwaka 2023, ni kijana huyu aliyemtaja. Na tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2025, Floribert alitangazwa mwenye heri. Sherehe ilifanyika Roma, katika basilika la Mtakatifu Paulo, kwa sababu mji wake Goma ulikuwa mikononi mwa M23 tangu mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Wengi wa ndugu zake wa Goma hawakuweza kufika pale.

Tayari tulikuwa na Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro mwaka 1964 kwa kumkatalia kolonele Olombe, akatangazwa mwenye heri mwaka 1985. Yeye alikuwa mtawa. Floribert alikuwa na karamu na muhuri wa ofisi. Nadhani ndiyo sababu anatusumbua zaidi.

7. Jibu kwa kijana

Sasa naweza kumjibu yule mwanafunzi. Ndiyo, imani ilibadilisha historia yetu, lakini si kila pahali, na si kwa hesabu ya wabatizwa. Iliibadilisha pale mtu alipoikuta ndani yake nguvu ya kusema "hapana". Bushiri alisema hapana kwa fimbo na mpira, na njia yake ilileta damu. Munzihirwa alisema hapana kwa kukimbia. Kataliko alisema hapana kwa uporaji. Floribert alisema hapana kwa bahasha. Na pale ambapo wengi waliosali walishindwa kusema hapana kwa jirani aliyewaambia "wale si watu", pale Ntoto na Mokoto, kanisa lilijaa bure.

Wala neno hilo si la Wazungu. Mwindo alilijua. Wazee waliosema kwamba hata mwami yuko chini ya sheria walilijua. Imani ilipolikuta, ililipa jina na ujasiri.

Naomba mambo mawili. La kwanza: waliokuwa watoto mwaka 1944 wamebaki wachache sana. Aliye na bibi ao babu anayekumbuka neno moja juu ya miaka ile, ao aliyesimuliwa na baba yake, aandike. La pili ni gumu zaidi. Siku ambapo barierani, ofisini ao sokoni utaombwa ufumbe macho, ujue kwamba si wewe wa kwanza kuombwa. Wengine walijibu mbele yako, na majina yao unayajua sasa.